Mpaka Sanduku Lifunguliwe

Mpanda, 9 Oktoba 1976

Hapana dada, siyo sumu. Yule mzee tajiri wa kwenye sinema alikufa kwa kucheka, ndiyo ndugu zake wakaanza kumalizana kwa ajili ya sanduku lake la fedha. Mmoja kamsukuma mwenzake kisimani, kamba ya ndoo ikamvuta na yeye. Yule mama mnene ndiye wa sumu: kaitia kwenye supu ya shemeji yake, halafu kasahau bakuli lipi ni la nani.

Haya, nimeruka salamu! Shikamoo dada Pelagia. Babu Melkior je, kifua kinaendeleaje? Mimi mzima, koo tu ndiyo limekauka, maana kusimama kando ya ile shuka nyeupe ya sinema na kipaza sauti, unawatafsiria watu wa kijiji kizima, siyo mchezo. Unauliza Kiingereza nimekijulia wapi. Dada, darasa la nne uliniona, na la nne ndilo la mwisho. Naangalia sura zao tu, maneno natia mwenyewe. Mwenye tamaa sura yake ni moja, awe Mzungu awe Mpimbwe wa kwetu.

Mwambie babu anisamehe. Siyo mimi niliyekata sinema pale yule mpwa wa mwisho alipoingiza mtaimbo kwenye kufuli. Jenereta liliishiwa petroli. Kilichomo sandukuni atakiona gari letu la sinema likirudi Usevya mwakani, mvua zikiisha na barabara ikikauka.

Mdogo wako,
Telesphor

Usevya, 14 Novemba 1976

Mdogo wangu Telesphor,

Salamu zako zimefika. Sisi wazima nusu. Nusu nyingine ni babu. Kifua kimembana, chakula hataki. Padri kaja kumpaka mafuta, babu kafungua jicho moja kasema, "Paka tu Padri, lakini siendi. Sijajua kwenye lile sanduku mna nini." Padri kacheka mpaka kasahau alipofikia kwenye sala.

Anayeteseka ni kaka yetu Eustace, mtoto wa baba mkubwa. Ameshaleta mbao za jeneza, kazianika uani, babu anaziona dirishani. Kila asubuhi anaingia: "Babu, umeamkaje?" Babu anamjibu, "Nimeamka. Pole."

Macho ya Eustace yako chini ya kitanda, kwenye sanduku la bati la babu. Sasa kajipa akili: mzee akishajua mwisho wa sinema, atapumzika kwa amani. Anakuja kwako na beberu ili umwambie. Telesphor, nakujua, tumbo lako lina masikio. Usimwambie! Babu kashikwa na uzi huo mmoja tu. Ukiukata wewe, usije hapa kunililia.

Dada yako,
Pelagia

Mpanda, 2 Desemba 1976

Shikamoo dada. Mimi mzima, na beberu mzima, anakusalimia.

Usitupe barua kwanza, sikiliza. Eustace kafika kwa baiskeli, beberu kamfunga nyuma kama bibi harusi. Hata maji hajanywa.

"Mwisho wa ile sinema unaujua?"

"Naujua kaka. Juzi tumeionyesha Kasokola mpaka mwisho, petroli ikabaki."

"Basi sema. Mzee anateseka, inaniuma sana."

"Inakuuma wapi, kaka?"

Kanitazama vibaya. Halafu kasogea, kaniambia sikioni: "Beberu wako. Na kilichomo kwenye sanduku la babu, nusu yako."

Dada, nisikudanganye, nilimeza mate. Chumba changu kinavuja, viatu vyangu vinacheka mbele. Na pale kwa Mwanaiddi, mama wa chakula, nilisikia harufu ya pilau, kumbe yeye siku hiyo kapika maharage! Halafu kichwani nikamwona babu akimwambia mtu pole kila asubuhi. Nikashika kamba ya beberu, nikasema, "Kaka, mpwa kafungua sanduku. Ndani kakuta sanduku lingine. Limefungwa, na ufunguo wake alizikwa nao yule mzee."

Eustace kaondoka anapiga mluzi. Mpaka amefika Magamba ndiyo labda kajiuliza huo ni mwisho gani.

Mdogo wako mpole,
Telesphor

Usevya, 27 Machi 1977

Mdogo wangu,

Hujambo huko? Miezi yote hii maji yamekata njia, hakuna lori. Barua hii nampa jirani yetu Masalu anayekuja huko kwa miguu, na wewe mlishe.

Eustace aliingia na matope yake miguuni, akamwambia babu kuhusu sanduku ndani ya sanduku. Babu kafumba macho, kifua kinamtikisika. Sisi tukapiga magoti, tukajua ndiyo anakwenda. Kumbe anacheka! Alicheka, akakohoa, akatema uchafu wote wa kifuani, akasema, "Wataenda kulifukua kaburi, wale wajinga. Pelagia, leta ugali, nisubiri vizuri."

Tangu hapo anakula. Zile mbao anazikalia uani akifukuza ndege wa mpunga kwa mdomo. Eustace akipita anamwambia, "Mbao nzuri hizi mjukuu wangu, hazibani." Eustace anataka beberu wake.

Jambo moja usimwambie mtu. Sanduku la babu nililifungua nilipokuwa napiga deki. Mna koti lake la kwendea misa, na nondo wameshamaliza mikono. Basi.

Lakini babu miguu imemvimba tena, usiku hapumui vizuri. Anasema huo mwisho hautaki kwa mdomo wa Eustace, anautaka kwa macho yake. Nakuuliza, ataufikia?

Dada yako,
Pelagia

Mpanda, 18 Aprili 1977

Dada, shikamoo. Masalu kala kwa Mwanaiddi sahani mbili, ametosheka. Hiyo nusu yangu ya koti nimempa Eustace yote, ila kola naomba.

Sasa hii msomee babu, kwa sauti, Eustace akiwa karibu.

Shikamoo babu. Nimesikia miguu imevimba. Iache ivimbe, sinema inaangaliwa kwa macho. Dereva wetu nimembembeleza, Juni barabara ikikauka gari linaanzia Usevya, na petroli nitaikalia mwenyewe. Zile mbao Eustace azipigilie ziwe fremu ya kufungia shuka yetu, maana mara ya kwanza upepo uliwakunja watu wa sinema nyuso. Ana misumari, alishanunua.

Beberu sijamla. Ananenepa hapa, anakula kofia za majirani. Basi tupatane hivi: ukinisubiri mpaka Juni, namleta juu ya gari, tunamchinja siku hiyohiyo, ini lako, na Eustace namrudishia ngozi. Ukinitoroka kabla, beberu wangu wote, na siku ya maziko nasimama na kipaza sauti nawatafsiria watu uso wako, na maneno natia mwenyewe.

Unasemaje, tumepatana?

Mjukuu wako,
Telesphor