Waziri Kwenye Chumba cha Wachezaji

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia, na redio ya jirani pia. Mimi mzima, ila usingizi umenipotea tangu niapishwe. Ulivyosikia ni kweli: mwanao ni Waziri wa Vijana na Michezo. Nakuandikia kwa sababu simu yangu siku hizi inashikwa na msaidizi, nawe hupendi kuongea huku mtu mwingine anasikiliza.

Ukutani ofisini kuna picha za walionitangulia. Nimeuliza habari za kila mmoja. Wa kwanza hakuwa hata na wizara, alikuwa na meza tu kwenye Wizara ya Elimu, akiandaa magwaride ya wanafunzi. Baadaye michezo ikaunganishwa na utamaduni. Vijana waliongezwa mwaka ule walipoingia barabarani kudai kazi. Wakapewa waziri, kazi hawakupata. Mmoja alijenga uwanja, aliyefuata akaufungua, aliyefuata akaufunga kwa ukarabati.

Mimi nilikuwa nahodha, Baba. Nitakuwa tofauti. Niombee.

Mwanao

12 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lilelile, na jirani kanunua spika. Hongera sana, mama. Nimetembea mtaa mzima nikijifanya natafuta mkate, ili watu wanipongeze.

Ila hilo la unahodha ndilo linalonitia wasiwasi. Nimepuliza filimbi nusu ya maisha yangu, mawaziri nimewaona. Asiyejua mpira hana shida: anasinzia jukwaani, anapeana mikono, anaondoka. Anayesumbua ni aliyewahi kucheza, maana miguu inamwasha. Unakumbuka nilivyokutoa kwa kadi nyekundu kwa kubishana nami? Mama yako, Mungu amrehemu, alininunia wiki nzima, na bado nasema ilikuwa halali. Kazi yako ni nyasi, maji ya bomba, walimu wa michezo mashuleni. Filimbi ikilia, kaa.

Baba yako

20 Juni

Baba,

Shikamoo. Hujambo? Mbona kimya? Nchi nzima imenipigia isipokuwa wewe!

Uliona mechi ya mabinti zetu wa timu ya taifa? Tulikuwa nyuma mbili bila hadi mapumziko, na mabao yote makosa ya kipa wetu. Nilishuka kuwapa moyo tu, nakuapia. Nilipofika chumba cha wachezaji nikamwambia kocha amtoe. Kocha mwenyewe ni Kifimbo, yule dada wa timu yetu ya zamani tuliyegawana kitanda kambini. Akaniambia, "Mheshimiwa, huyo ndiye kipa wangu." Mheshimiwa! Nikamjibu kwamba siombi. Akamtoa, tukashinda tatu kwa mbili. Magazeti yananiita Waziri wa Ushindi.

Andika basi.

Mwanao

26 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, ila sina raha. Nilizima televisheni uliposhuka zile ngazi.

Sitakupongeza. Mlango ule hata mimi mwamuzi nilikuwa nagonga. Yule binti uliyemtoa mbele ya wenzake, umeshaongea naye?

Baba yako

9 Julai

Baba,

Shikamoo. Samahani, leo siulizi habari za goti.

Wale tuliowafunga wamelalamika. Shirikisho la kimataifa linasema serikali haina ruhusa ya kupanga timu. Mechi itarudiwa, kwa sharti kwamba aliyehusika awajibike. Asipopatikana, mabinti wote wanafungiwa. Washauri wangu wana njia: Kifimbo aseme yeye ndiye aliyeniita na kuniomba nimchagulie kipa. Kosa linakuwa la kocha, anafungiwa yeye, mimi nabaki. Na amekubali, Baba! Alisema, "Wewe baki, utatujengea viwanja." Alikuwa akifunga kamba za viatu muda wote, hakuinua uso.

Ni kweli nina viwanja vya shule havijaisha. Nikiondoka vitaota majani, anayekuja hatajali. Lakini tangu jana chakula hakipiti. Jibu linatakiwa Ijumaa. Niambie nifanye nini, na nitafanya. Dereva atasubiri.

Mwanao

9 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Dereva wako anakunywa chai sebuleni, na mimi nimechana karatasi mbili.

Ninajua ningefanya nini. Natamani sana kukuambia. Sikuambii. Wewe ndiye uliye uwanjani, mimi niko jukwaani, na wazazi tunalo jukwaa letu, hata kama moyo unauma kiasi gani. Ukiamua lolote, nyumba hii ni yako na mimi ni wako.

Kula kitu.

Baba yako

14 Julai

Baba,

Shikamoo. Barua yako ilinikasirisha sana. Niliitupa, nikaiokota.

Nimejiuzulu asubuhi. Nimewaandikia kwamba kocha hakuniita, niliingia mwenyewe na nikaamuru. Kifimbo alipopata habari alinipigia akanitukana kwa lile jina langu la kambini, kisha tukalia wote wawili. Kwa kipa nilikwenda mwenyewe, nikakaa kwenye ngazi za kwao mpaka alipotoka. Hajanisamehe. Alinipa maji.

Viwanja sijui vitakuwaje. Hilo linaniuma kuliko cheo.

Mwanao

2 Agosti

Mwanangu mpendwa,

Hujambo, mama? Goti limepoa kidogo, maana jana nilikaa kitako mechi nzima ya marudio, sikuzima televisheni hata mara moja.

Wamefungwa, najua, na najua hukulala. Yule kipa uliyemtoa alicheza vizuri mpaka mwisho, lile bao hata wanaume wawili wasingelizuia. Walizidiwa, basi. Nililia kidogo, jirani akapunguza redio.

Wakati wa mapumziko, tukiwa nyuma kwa moja, kamera ilikutafuta. Walidhani watakuona unashuka. Ulikuwa kwenye viti vya kawaida, katikati ya watu, mikono umeikalia kama mtoto aliyekatazwa kugusa kitu. Mtangazaji akacheka. Mimi nilisimama, goti na yote, nikakupigia makofi peke yangu sebuleni mpaka timu ziliporudi.

Njoo nyumbani upumzike.

Baba yako