Zabibu za Kilimani

Mume wangu,

Sisi tu wazima, na paa la ghala limezibwa. Zabibu za bondeni, zile zinazostahimili joto, tulizichuma mapema. Divai yake imetoka kavu, isiyo na utamu, yenye uchachu mzuri. Zako za kilimani huhitaji usiku wa baridi, nao mwaka huu haukuwapo. Hata hivyo niliziacha zikungoje, kama ulivyoagiza.

“Mwanangu, tunatengeneza divai au jamu?” baba yako alinitania alipoona zimeiva kupita kiasi, kisha akainamisha kichwa. “Usimngoje. Ameoa huko.”

Leo tumezichuma. Uchachu umekwisha, divai yake itakuwa chapwa. Pengine ni joto tu, na hata kama ningewahi zisingefaa. Sina hakika. Ila usifunge safari kwa ajili ya mavuno.

Mkeo, ikiwa bado naruhusiwa kujiita hivyo.