Taa Nyekundu ya Kofia

Mwenzangu, usipige simu. Nimejifungia chooni uwanjani, nina hasira.

Ile kofia ya umeme ya kocha, anayotuvalisha kila baada ya mashindano ati isisimue ubongo mwili upone haraka? Ile aliyotufutia siku za mapumziko kwa ajili yake?

Leo daktari mpya wa timu kaishika. Kauliza, “Nani huzilowesha hizi sponji za ndani ya kofia maji ya chumvi?”

Kazibonyeza kwa kidole, kavu.

“Zikiwa kavu umeme haupiti, kocha. Ndiyo maana taa nyekundu inawaka.”

Kocha anakuna kichwa: “Mimi nilijua nyekundu ni kwamba inafanya kazi.”

NILIJUA! Miezi mitatu! Akiona goti limevimba, ananiambia, “Kofia imeshakutibu, vaa viatu.” Vaa viatu! Sasa daktari anasema kano ya goti imechanika, msimu wangu ndiyo basi.

Nikamfokea kocha mbele ya wote. Akanitazama tu, akasema taratibu, “Lakini binti yangu, kila nilipokuvua kofia nilikuuliza unajisikiaje.”

Na kweli aliuliza. Kila mara nilimjibu, “Mwepesi kabisa, kocha.” Niliogopa hatanipanga mashindanoni.