Mlio wa Gurudumu la Kushoto

Kitengela, 14 Agosti 2003

Dada yangu Adero,

Huku mvua imekataa kabisa. Mama ameanza kutembea na magongo, na anakusalimu.

Dada, nilikuambia ajali ililetwa na shimo barabarani. Nilikudanganya. Gari ilikuwa ikigonga upande wa mbele wiki nzima. Fundi Parsaoti aliiinua kwa jeki, akatikisa gurudumu la kushoto, akaniambia, "Kiungo cha chini kinachoshika gurudumu kimeisha. Usiende nayo Kajiado."

"Nampeleka Mama kanisani huko tu," nikamjibu. "Nitaenda polepole."

Gurudumu lilichomoka karibu na Isinya.

Jana nilimwambia Mama ukweli. Akasema, "Ule mlio hata mimi niliusikia, Sydney. Sikuuliza, kwa sababu dereva alikuwa wewe."

Nisamehe ukiweza.

Ndugu yako,
Sydney