Ribiti za Bawa la Kulia

Jumatatu, 1 Julai
Shina la bawa la kulia la ndege yetu, siku nzima bandani. Mimi napiga kwa nyundo ya upepo, kaka Ndalahwa anashika chuma cha kupokea pigo upande wa nyuma. Ribiti, pini za kuunganishia bati, anachagua yeye. Urefu wote umechanganyika kwenye kopo moja. Anachomeka ribiti tunduni, anapapasa mkia uliotokeza nyuma kwa kidole gumba, anaikubali au anaitupa. Mkia utokeze mara moja na nusu ya unene wa ribiti. Ukizidi unalala upande, ukipungua haushiki. Ndivyo alivyotengeneza ndege za watu Mwanza hadi akastaafu. Kipimo cha chuma nilichonunua anakiita kitoto. Kaka hakosei. Ushahidi wake ni kwamba alinitangulia kuzaliwa.

Jumatano, 3 Julai
Sijaipenda kazi ya leo. Pale shinani bati ni tatu, siyo mbili. Ribiti alizochagua ni fupi. Zikigongwa zinabaki bapa, nyembamba. Nikamwonyesha. Akapapasa.
"Ziko sawa. Gonga, dogo."
Nikagonga. Nina wajukuu na bado ni dogo.

Ijumaa, 5 Julai
Mchana kaka ameepua sufuria ya maharage kwa mikono mitupu. Alikuwa anasimulia jinsi ndege itakavyoruka mara ya kwanza kwenye mbuga za Bukundi, yeye mwenyewe akiiendesha. Akaendelea kusimulia, sufuria mkononi. Mimi ndiye niliyepiga kelele. Ngozi ya vidole imebabuka na hakujua.

Ni ugonjwa wa sukari. Umemtia ganzi vidoleni. Sijui tangu lini.

Nimekula bila kusikia ladha yoyote.

Jumapili, 7 Julai
Baada ya kanisa mke wa kaka ameniita pembeni. Amejua tangu masika. "Usimtoe pale, shemeji. Hilo banda ndilo linalomtoa kitandani." Namwelewa. Nikitoa kipimo, nimemfukuza kazi. Nikinyamaza, atapanda na bawa hilo angani.

Namkasirikia shemeji. Kaka namkasirikia zaidi. Naogopa.

Jumatatu, 8 Julai
Nimemwambia. Sikutafuta maneno matamu. Nilipima mbele yake, ribiti kwa ribiti. Hakubisha. Ningefurahi angebisha, hata angenitukana.
"Zote?"
"Za kwenye bati tatu, zote."
Akatazama bandeji za vidoleni. "Zitoe." Akaingia ndani.

Alasiri yote nimetoboa vichwa vya ribiti kwa drili, taratibu, matundu yasipanuke. Kazi nzuri, safi. Nilijiona kama mwizi.

Jumatano, 10 Julai
Kaka hajaja bandani, jana wala leo. Malori ya pamba yanapita, vumbi linaingia hadi mdomoni. Nimetenga ribiti kwa urefu, kila urefu na kopo lake. Nimechomeka, nimepima, mkia uko sawasawa. Lakini hakuna wa kushika chuma nyuma. Kazi hii si ya mtu mmoja.

Shemeji anasema analala mchana. Kaka yangu, ambaye hata wagonjwa aliwaita wavivu.

Jumamosi, 13 Julai
Amekuja. "Mwangaluka," kanisalimu kwa Kisukuma mlangoni, kama mgeni, akasubiri nimkaribishe.

Akaketi nyuma ya bawa, akakiegemeza chuma kwa kiganja na goti. Sehemu hiyo inataka uzito wa mtu, vidole si lazima. Makopo hakuyagusa. Nilichagua mimi, nikapima mimi, nikagonga mimi. Tumemaliza shina lote.

Kila ribiti alikuwa ananiuliza, kwa sauti ndogo, "Hiyo inafaa?" Najibu inafaa. Inayofuata, anauliza tena. Na kweli zilikuwa zinafaa, mikia imelala vizuri, mviringo. Maisha yangu yote sijawahi kumsikia akimuuliza mtu.

Bawa limeshika. Nimefunga banda, nikalia.