Wimbo wa Pasaka wa Marehemu Baba

Süderhagen, tarehe 3 Oktoba 1706

Kaka yangu Detlef,

Pokea salamu zangu mimi dada yako Wiebke. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi, na kile kikohozi kiwe kimekuachia. Huku miili yetu haina neno, ila mvua haikatiki na kabichi zinaoza shambani.

Uliniandikia kabla ya Pentekoste kwamba nimchunge mume wangu Jost, maana umesikia nyimbo zake zinafanana mno na za marehemu baba. Neno hilo lilinikaa rohoni. Unajua nilitumika Hamburg miaka tisa, nikarudi kumzika baba tu, nikakuta wazee wa kanisa wameshaamua kwamba atakayerithi kazi ya baba ya kupiga kinanda kanisani amwoe na bintiye. Jost alikuwa msaidizi wa baba siku nyingi, lakini kwangu alikuwa mgeni.

Basi nikaanza kumchunguza. Nikiingia chumbani, hufunga sanduku lake. Nikiusifu wimbo wa Pasaka wa baba, hugeuza mazungumzo. Nilipomuuliza kwa nini hapigi kazi za baba ilhali watu wanaziomba, alijibu kwamba amezichoka. Nikajiambia, mwizi huchoka kutazama alichoiba.

Asubuhi moja alipanda kanisani kushona mivukuto ya kinanda, ile mifuko inayopuliza upepo kwenye mabomba yake, akasahau ufunguo wa sanduku. Nilifungua. Ndani nilikuta wimbo wa Pasaka wote, kwa mwandiko wa Jost, umefutwafutwa na kuandikwa upya. Sikujiuliza anayenakili hufuta nini. Nikaubeba hadi kwa mzee wa kanisa, Claus Möhring.

Wazee walimwita, nami nikiwa nimekaa pale. Mzee Claus akamwambia, “Jost, umekula mezani kwa marehemu, umepewa bintiye, na bado unamwibia?” Jost alinitazama mara moja tu, akasema waandike wanavyoona. Wakamkataza kupiga chochote isipokuwa zaburi, mpaka wapate mtu mwingine.

Nyumbani Jost alikunywa supu yake ya bia, akaenda kulala. Aliyenifumbua macho ni Antje, yule mama aliyemuuguza baba. Aliniambia, “We binti, una akili kweli? Baba yako miaka sita ya mwisho alikuwa hamalizi hata zaburi moja. Anaanza, anapotea, analia. Unadhani nani alikuwa anapiga huko juu kanisani nyuma ya mabomba ya kinanda, ambako hakuna anayemwona?” Jost ndiye aliyepiga na kutunga. Baba aliweka jina lake tu, na mara nyingine hata hilo aliandikiwa.

Nilimfuata Jost nikamuuliza kama ni kweli. Alisema, “Mzee aliniokota sina hata viatu, akanifundisha. Ulitaka nimvue nguo mbele ya mji mzima?” Akaniomba ninyamaze.

Detlef, Antje alisema zaidi. Anasema ulikuwa unakuja kila kiangazi, ukikaa nao huko juu, ukaona yote. Anasema uliondoka na tungo mbili za Jost ukiziita zako, na kwamba ndizo zilizokupa kazi ya kinanda unayoifanya hapo. Nilimwambia anakusingizia. Kisha nikaisoma upya barua yako, na tangu hapo sijui nikuamini kwa lipi. Uliniomba nimchunge Jost kwa ajili ya baba, au kwa ajili yako?

Sasa nakiri nililotenda. Jana sikumtii mume wangu. Nilikwenda na Antje kwa wazee, nikaeleza yote, na jina lako nikalitaja. Mzee Claus akaniuliza kama naelewa ninamfanya nini marehemu. Nilisema naelewa. Jost amerudishiwa ruhusa yake. Wazee wanawaandikia wakuu wa kanisa lako wiki hii, nami nimeona heri habari uipate kwangu kwanza.

Usidhani nimeshukuriwa. Jost alisema nimemzika mzee mara ya pili. Baadaye akaniomba nimsogezee mkate, na ndilo neno jema pekee nililolipata tangu jana.

Msalimie sana wifi. Yeye simwekei kinyongo. Ukiwa na la kujibu, mwandikie Jost, si mimi.

Dada yako wa tumbo moja,
Wiebke