Masale ya Mpaka wa Ndugu Wawili

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Tengeru

Jina: Agnela Pallangyo. Umri: miaka 23. Kazi: mwanafunzi, yuko mafunzo kwa vitendo kwenye maktaba ya chuo, kitengo cha ramani. Makazi: Ngarenaro, Arusha.

Mnamo tarehe 14 Agosti 2024, yaani leo, mimi na mwenzangu Blessing tulitumwa na maktaba kupima pembe za mashamba, ili ramani ya zamani tuliyoiingiza kwenye kompyuta ilingane na hali ilivyo. Saa nne asubuhi tulifika kwa Mzee Frederick Mbise. Tulimwamkia, akatupokea vizuri. Amepakana na mdogo wake, Abdiel. Mke wa mzee aliniambia ndugu hao waligombania mpaka kwa miaka mingi, wazee wa ukoo wakawapatanisha mwaka jana na kupanda masale mapya, mimea ya kuonyesha mpaka.

Nilishuka kupima pembe ya chini. Blessing alibaki kwenye pembe ya juu, GPS ikawa haishiki kwa sababu ya majani. Akaazima panga kwa mzee, "nifyeke kidogo." Mzee hakuuliza afyeke nini. Blessing ametoka Mwanza. Kwake masale ni maua tu. Kwetu Wameru, ukiyakata ya mpakani umetangaza vita.

Nikasikia Abdiel akifoka, "Umeanza tena, kaka?" Mzee alikuwa anafuta panga alilorudishiwa. Akajibu, "Mimi sijagusa." Nikakimbia. Nikiwa bado mbali nilimwona Abdiel akimpokonya panga na kumkata mkono wa kulia. Blessing alikuwa amesimama palepale.

Kwenye gari la kwenda hospitali Blessing alininong'oneza, "Dada, tuseme tumeyakuta yameshakatwa. Chuo watanifukuza." Nilimwonea huruma, lakini hasira ilizidi. Majirani walikuwa wanasema mzee kavunja mapatano, na mzee hakuwa na nguvu ya kubisha.

Masale yalikatwa na Blessing. Nimesema kwa hiari yangu, na hata asiponisemesha tena sibadilishi neno.

Sahihi: A. Pallangyo

Afisa: Shahidi amesomewa maelezo yake, amekubali na kusaini mbele yangu. Baadaye nilimweleza mtuhumiwa Abdiel, aliyeko mahabusu, ni nani aliyekata masale. Akauliza, "Kwa hiyo kaka hakugusa?" Nikamjibu hakugusa. Akaomba simu ampigie. Nilimjulisha kwamba mzee bado yuko chumba cha upasuaji.

Sajenti Tajeu